Mama Hakuwa Anachagua Mkwe

Nansio, Ukerewe
Novemba 1970

Dada Odeta,

Shikamoo. Habari za Mwanza na kazi ya kiwandani? Sisi hatujambo. Mihogo imestawi, na mwanao ameanza kutembea.

Uchaguzi umekwisha, na ni afadhali usikie kwangu: Mama amelipigia kura jembe, alama ya Ndalahwa. Usiichane barua, dada. Najua alivyokukana ukiwa na mimba yake.

Kwenye mkutano wa kampeni, mgombea mwenzake, Venant, alitupendeza sote. Alicheza ngoma nasi, akabeba watoto. Ndipo Mama akasimama, akawauliza wagombea wote wawili ni wapi wanawake wa huku watajifungulia. Venant akacheka, "Mama, nichagueni kwanza!" Ndalahwa, huku akiangalia chini, akaeleza kwamba sisi tutafyatua matofali ya zahanati, naye ataidai serikali mkunga na dawa.

Tulipotoka kupiga kura nikamwuliza, "Mama, umesahau aliyomtenda dada?"

"Sijasahau hata kidogo," akasema. "Lakini leo sikuwa nachagua mkwe."

Nilibaki nimesimama njiani, nikimtazama akitangulia. Huyu ndiye aliyelia nawe mwaka mzima! Sikujua mtu aweza kuwa na moyo mpana namna hii.

Ndalahwa ameshinda. Jana alikuja kushukuru. Mama hakumwitikia salamu wala hakumpa kiti. Alimwongoza hadi kwenye kiwanja kilichotengwa kwa zahanati, akasimama katikati ya magugu, akamwambia, "Hapa."

Mdogo wako akupendaye,
Felicitas