Jina la Levina

Kwihara,
Tabora.
16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Leodgar,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Natumaini wewe na mkeo Julieth hamjambo, na baridi ya Ubelgiji haijawashinda. Sisi ni wazima. Mama goti linamsumbua, lakini mvua za kwanza zimenyesha na kila asubuhi yuko shambani.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira na wewe, na sitaificha.

Siku ulipotuma picha ya ule ukurasa wako katika jarida la kitaalamu la mimea, mama alialika jumuiya nzima. Akachinja jogoo. Katekista Ambrosi akashika simu, akasoma kwa sauti jina la ua jipya ulilolitangaza, akarudia. Mama akauliza, "Mbona Levina hujamfikia?" Watu wakala wakitazama sahani zao.

Aliyekupeleka kwenye kile kichuguu ua linakoota ni mama, kwa goti hilo hilo. Alitaka libebe jina la kitinda mimba wetu Levina, aliyekuwa akilichuma akienda kuni, akafa hajavunja ungo. Kwetu jina la marehemu hurithiwa na mtoto, nami nimezaa wavulana watupu. Ulikubali, nikiwapo. Halafu heshima hiyo ukampa profesa wako, asiyejua hata Kwihara iko upande gani. Kama ulitaka kumshukuru, ningekutumia ndoo ya asali. Asante ya punda mateke.

Nilipokuuliza, ukanijibu kwa somo. Eti zamani kila msomi aliuita mmea kwa sentensi nzima ya Kilatini, mpaka Mswidi mmoja akafupisha yakawa majina mawili, la ukoo na lake. Eti baadaye wakakutana wakaweka sheria, na jina likishachapishwa kwa taratibu zao, hata aliyelitoa hawezi kulifuta kwa kujuta. Nimeelewa. Kwetu mtoto akilia bila kukoma, wazee hujua jina si lake, wakambadilishia. Ninyi mnamwacha alie.

Tena ulinisimulia mwenyewe kwamba mwaka jana huko Madrid walipiga kura kuondoa tusi dhidi ya Waafrika kwenye majina ya mimea. Kumbe wakitaka wanaweza. Lakini hilo tuliache. Hakuna sheria iliyokushika mkono ulipokuwa unaandika. Siku ile jina lilikuwa lako kulitoa, ukalitoa unavyojua.

Mume wangu Xavery anakusalimu, na shangazi Eustadia pia, ingawa yeye ana hasira kunishinda. Mungu amjalie Julieth ajifungue salama.

Umeomba mama amtumie mtoto wenu jina. Nilimfikishia ombi lako shambani, akipanda karanga. Hakuinua kichwa. Nakuandikia alivyosema: "Mwambie nilikuwa nalo moja, nikampa kule kichuguuni."

Dada yako akupendaye, hata leo,
Gaudensia