Vizibo Vinane vya Nyumbu

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za mama yako, ambaye mgongo unamsumbua kidogo lakini mdomo hauna shida yoyote. Wewe hujambo? Kile kifua kimepona? Unakula, au bado unakula umesimama kama unafukuzwa? Sisi huku ni wazima, isipokuwa wagonjwa wawili: macho ya baba yako, na gari letu Nyumbu.

Nianze na macho. Nesi wa zahanati amemwangalia tena. Jicho la kulia limeziba kabisa, la kushoto linaona mwanga tu. Lakini daktari wa macho anakuja hospitali ya mlimani tarehe 25 mpaka 27, na jina la baba yako limeshaandikwa. Akikosa safari hii ni mpaka mwakani, na nesi ameniambia pembeni kwamba mwakani huenda jicho lisisaidike tena.

Sasa Nyumbu. Barabara ya mlimani unaijua: basi linaishia chini, na kuanzia pale ni utelezi mtupu, hupandi bila gari linalovuta kwa tairi zote nne. Tangu macho ya baba yako yaingie ukungu, miaka minne sasa, usukani ninashika mimi, na sisemi kwa kujisifu, mtaa mzima huu hakuna anayeingiza gia kama mama yako. Lakini mwezi huu Nyumbu ananguruma upande wa nyuma kama mtu mwenye njaa, na gia ya pili inagoma mpaka niibembeleze. Nikamwita Fundi Kesho, yule ambaye kila kazi ni njoo kesho. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke, akasema giaboksi imekufa, difu imekufa, na kupata nyingine ni mwezi mzima. Nikamwambia mimi nina fundi wangu niliyemzaa mwenyewe, wa mitambo ya mgodini, mashine ambazo tairi moja tu ni refu kuliko kibanda chako. Akacheka mpaka akakaa chini.

Simu huko kwenu haishiki, ndiyo maana nampa barua hii dereva wa lori la saruji. Niambie nifanye nini. Na usiniaibishe.

Mama yako

Tarehe 8 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na Baba mpe shikamoo yake. Kifua kimepona, na sasa ninakula nimekaa. Barua yako niliisoma nikiwa chini ya mashine, wenzangu wakauliza nacheka na nani.

Usimruhusu mtu afungue giaboksi. Gia iliyokufa haibembelezeki. Nadhani shida ni oili tu, imezeeka, na huko nyuma nina wasiwasi maji yameingia kwa sababu mnavuka kijito kila wiki. Hebu muulize Baba mara ya mwisho aliibadilisha lini.

Kazi hii utaifanya wewe mwenyewe hapo uani. Dereva anakuletea madumu mawili. Lenye kitambaa chekundu ni la giaboksi kubwa na ile ndogo iliyo nyuma yake. Lenye kitambaa cheusi ni la difu ya mbele na ya nyuma, yale mabonge ya chuma yanayogawia tairi nguvu. Usichanganye. Nimeweka pia spana, soketi, na pampu ya mkono yenye mpira.

Zungusha gari dakika kumi ili oili ipate joto. Liegeshe pahali tambarare, vuta handbreki, weka mawe kwenye tairi zote. Jeki usiguse, Nyumbu ni mrefu, utaingia chini bila shida. Kila sanduku lina vizibo viwili, cha chini cha kumwagia na cha ubavuni cha kujazia. Mama, hapa nisome mara mbili: fungua cha kujazia kwanza. Kikikubali, ndipo ufungue cha kumwagia. Ukimwaga halafu cha kujazia kikagoma, umebaki na gari lisilo na damu. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu lilelile la kujazia. Hapo imetosha.

Vizibo vya chini vina sumaku. Ukikuta tope laini la kijivu, huo ni uzee. Ukikuta vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole, simama, niandikie. Oili ya difu ya nyuma nahisi itatoka kama chai ya maziwa.

Mwanao

Tarehe 14 Machi

Fundi wangu wa mbali,

Hujambo? Mimi mwili mzima ni mafuta, nimejisugua na majivu na bado nanuka. Furahi kwanza, halafu utanigombeza.

Baba yako nilimuuliza. Akasema "juzi juzi tu," akageukia ukutani.

Mwanangu, hakuna aliyewahi kuniambia kule chini kukoje. Miaka yote hii nimekaa juu ya Nyumbu kama mtu anayekaa juu ya nyumba ya watu bila kubisha hodi. Nimelala chali, nikaangaza tochi, nikaona ule mhimili mrefu unavyotoka katikati kwenda nyuma na mwingine kwenda mbele, kila chuma kimemshika mwenzake mkono, na vyote vinazunguka kwa sababu mimi huku juu nimegusa kijiti cha gia. Nilinyamaza. Mimi, ninyamaze! Mshonaji wa jirani, yule ambaye mwanawe ni karani na hatupumui kwa sifa za karani, akainama kuchungulia, akasema, "Mwenzetu, leo umeamua kulala na gari?" Nikaendelea kuangaza tochi.

Giaboksi kubwa nilifuata barua yako neno kwa neno. Oili ilitoka nyeusi tii. Kwenye sumaku palikuwa na tope la kijivu, nikalisugua katikati ya vidole, laini kama masizi ya sufuria. Nikajaza. Ile ndogo vivyo hivyo. Difu ya mbele pia. Kufika hapo uani kwangu kumejaa watu, hata Fundi Kesho kaja na kigoda chake. Nikawatangazia kwamba binti yangu yuko mwendo wa siku mbili kutoka hapa, hajaliona hili gari miaka mitatu, lakini amesema ya nyuma itatoka kama chai ya maziwa. Fundi Kesho akasema labda chai ya mchawi. Basi mimi, kwa hamu ya kumwonyesha, nikafungua cha kumwagia moja kwa moja.

Ikatoka chai ya maziwa. Hivyohivyo ulivyosema, rangi hiyohiyo, ikajaa beseni. Mshonaji akaweka mkono kifuani, akauliza, "Kaionaje kutoka huko?" Mwanangu, nami najiuliza mpaka leo. Nimekuzaa mimi, lakini nilijihisi kama nimekutana nawe mara ya kwanza.

Kisha nikaenda kwenye cha kujazia. Hiki hakina kichwa kama vingine, ni bapa, uso mtupu, spana haina pa kushika. Nimetumia koleo, likateleza, likanichuna vidole viwili. Fundi Kesho amebeba kigoda chake akaondoka, hakusema kitu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Difu ni tupu. Zimebaki siku kumi na moja. Ulisema nisome mara mbili, nami nilisoma mara mbili, tatizo si kusoma.

Mama yako asiyesikia

Tarehe 17 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole ya vidole. Vioshe kwa maji ya chumvi.

Usilisogeze gari hata hatua moja. Usipige nyundo. Nimeomba ruhusa nije, wamekataa, mashine mbili zimelala na fundi ni mimi.

Mama, nitakuambia ukweli. Kizibo hicho sikijui. Mimi najua oili na maji na chuma, lakini chini ya Nyumbu sijawahi kulala, Baba hakuwa akimruhusu mtu. Anayekijua ni yeye peke yake. Mpeleke.

Mwanao

Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote, na safari hii nikisema sote namaanisha sote.

Nilimsomea baba yako barua yako. Kufika pale uliposema hukijui kizibo, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akanyoosha mkono. "Nipeleke chini," akasema.

Tukaingia wawili, bega kwa bega, mimi na tochi, yeye haihitaji. Mkono wake ulipanda juu ya difu kama mtu anayetafuta swichi chumbani kwake mwenyewe. Akakipapasa kizibo mara moja tu, akaomba msumari. Akaanza kuchokoa katikati ya ule uso mtupu, na udongo mkavu ukaanza kutuangukia machoni, na mimi naona tundu la pembe nne linatokea pale ambapo nilikuwa nimetazama siku nzima nikaona chuma. Akaniambia nimpe mpini wa soketi, bila soketi. Kichwa chake cha pembe nne kikaingia kama kilizaliwa mle. Akasukuma. Kikalia kwi, kikazunguka.

Nilitaka kupiga kelele lakini hakuutoa mkono wake pale. Akasema, taratibu, kama anaiambia difu: "Sijaigusa miaka minne."

Nikamwambia mbona alikuwa akiingia huku kila baada ya mavuno, saa nzima.

"Nilikuwa nalala tu. Nahesabu mpaka mia mara kadhaa, najipaka oili mikononi, natoka. Niliogopa kumwaga nisione nilichomwaga."

Na mimi yale mashati yenye oili nilikuwa nayafua nikilalamika. Nikamshikia mpira, yeye akapiga pampu, na kidole chake kikakaa kwenye tundu kupima, mpaka oili mpya ikamchuruzikia mkononi, safi kama asali. Tulipotoka, mshonaji alisema tumekaa huko kama maharusi. Baba yako akamwambia wivu wake aupeleke kwenye cherehani.

Nimemzungusha Nyumbu mtaani. Mngurumo umebaki kama mluzi tu, na ya pili inaingia. Nilipita mbele ya Fundi Kesho mara tatu. Mara mbili hapakuwa na sababu.

Mama yako

Tarehe 30 Machi

Mwanangu, roho yangu,

Uko salama? Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Tarehe 26 alfajiri tuliondoka. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya mlimani ilikuwa sabuni. Pale kwenye kona ya mawe tulikuta gari moja dogo limelala mtaroni, wenyewe wamekaa pembeni na viatu mkononi. Nikaingiza ile gia ndogo ya kupandia mlima, ikakubali kwa kidole kimoja, na Nyumbu akashika ardhi kwa miguu yote minne. Nilikuwa nikiyaona kichwani yale niliyoyaona kule chini, yanazunguka, yameshikana mikono katika oili yako. Baba yako alikuwa amefumba macho anasikiliza. Mlima mzima alisema neno moja, "Haya."

Jicho la kushoto limesafishwa siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi nesi akafungua bandeji, akanyoosha vidole, akamuuliza vingapi. Akajibu vitatu, na kucha unatakiwa ukate.

Sasa sikiliza habari ya kurudi. Tunashuka, jua limetoka, bonde lote linang'aa, nami nikawa namwonyesha kama mwenye mali: tazama kule mto, tazama yale mabati. Nikaona hageuki. Kumbe amekaa upande upande kwenye kiti, ananiangalia mimi, mikono yangu, mguu kwenye klachi. Nikamwambia atazame bonde, daktari hajahangaika bure.

Akasema, "Bonde nililiona zamani. Wewe ukiendesha nilikuwa nakusikia tu."

Mwanangu, unanijua. Mpaka tunafika kwenye lami nilikuwa nimebadilisha gia mara nyingi kuliko mlima ulivyotaka.

Mama yako