Tapeli wa Kifaransa Sebuleni kwa Wifi

Jumatano, 4 Aprili 2001, Nizwa, Oman

Kaseti imefika! Binamu yangu wa Brussels kaitia ndani ya kopo la biskuti, imevishwa soksi. Filamu ya Kifaransa, ya kuchekesha. Nyumba nzima ya kaka yangu hakuna ajuaye Kifaransa ila mimi, mzaliwa wa Bujumbura, basi mfasiri ni mimi. Wenzangu wanatazama picha, mimi nasema.

Lakini wifi Hamda hana raha. Kijana mmoja, Adham, kamposa binti yake, Aseel, na jibu halitoki. Wifi anasema kijana ana maneno matamu mno. Tena kasikia alishaposa kule mji wa Bahla, akamwacha binti wa watu. Mama wa kijana, Bi Ghanima wa Ibra, kaapa kwenye simu kwamba mwanawe hajaposa popote. Wifi hakuridhika. Aseel hali, halali. Anampenda! Na mimi nampenda Aseel kama niliyemzaa.

Ijumaa, 6 Aprili

Ya Rabbi, nimefanya nini!

Tumekula, tumeweka kaseti. Mwanamume anashuka garini mbele ya hoteli ya pwani — suti nyeupe, tabasamu. Wifi akaruka: wallah, huyu Adham mtupu! Kweli. Meno yale yale, hata ile nyusi moja inayopanda. Na bwana huyo ni nani? Tapeli! Kajifanya daktari, anawazungusha wajane matajiri. Anabusu mkono, mkufu unahamia mfukoni. Nikamwona Aseel mlangoni na sinia, kakauka.

Wifi kauliza bwana yule anasema nini.

Nikasema: anasema kifungo cha mkufu kimelegea, anaupeleka kwa sonara.

Basi! Uongo wa kwanza ulinitoa jasho, uliofuata ukaja wenyewe. Polisi wanamkimbiza — nikasema jamaa zake hao, wanakuja kumuaga. Karuka kwenye boti — anamuwahi mama yake mgonjwa. Wifi kalia, mpaka kajifuta kwa ncha ya shela. Maskini, mtu mwema hivi na watu wanamdhania mabaya, anasema. Nimeuma kidole nisicheke.

Jumamosi, 7 Aprili

Wifi kamwambia kaka kwa kinywa chake mwenyewe: Alhamisi Bi Ghanima aje, tumpe jibu jema. Aseel kanibusu kichwa, kanibusu mikono. Nafsi inanisuta kidogo. Kidogo tu.

Jumatano, 11 Aprili

Loo! Wifi anataka kumwonyesha Bi Ghanima filamu, amwone pacha wa mwanawe. Nikasema video mbovu. Akaiwasha. Nzima! Nimejipa moyo: Bi Ghanima anakaa Ibra, asili yake Kigoma, Kifaransa kakijulia wapi?

Alhamisi, 12 Aprili

Naandika jikoni. Mgeni bado yuko sebuleni.

Tumekula halwa, tumekunywa kahawa. Wifi kamhadithia Bi Ghanima filamu yote kabla haijaanza, na kifungo, na sonara, na mama mgonjwa. Ikaanza. Sijafungua mdomo, mgeni kacheka. Nikasema moyoni: bahati. Kacheka tena! Pale pale penyewe! Wifi kamuuliza, dada, unakijua Kifaransa? Akasema taratibu, huku anachagua tende: "Mie nimesoma kwa masista, Usumbura." Usumbura! Ndiyo Bujumbura yetu, kwa jina lake la zamani.

Miguu ilinitangulia. Nikafuata udi! Kwetu udi ukishazunguka, mgeni anaaga, hakuna tena kukaa. Nikaingia na chetezo kinafuka, na mkufu ndio kwanza unatoka shingoni mwa mjane. Wifi akapaza sauti: "We Amna! Udi wa nini saa hizi? Unamfukuza mgeni?" Kisha akamgeukia: "Hebu dada, anasema nini hapo?"

Bi Ghanima kaitazama televisheni. Kanitazama mimi. Kamtazama Aseel.

"Kifungo kimelegea," akasema. "Anaupeleka kwa sonara. Masha Allah, kijana kalelewa huyo."

Na nyusi yake moja imepanda.

Alhamdulillah! Nimerudi jikoni na chetezo changu, nacheka kama mwehu. Kaniokoa! Kamuokoa Aseel! Kisha kicheko kikanikatika. Mimi uongo ule ulinitoa jasho. Yeye hata jicho hakupepesa. Wake umetoka umepigwa pasi. Na ni yeye huyu aliyeapa kwenye simu habari za Bahla.

Nimwambie wifi? Nimwambie nini — kwamba Bi Ghanima mwongo? Nimejuaje?

Filamu imekwisha, nasikia wifi anapenga kamasi. Sasa anaita: "Amna! Haya, sasa lete udi! Nimpe dada jibu lake aende nalo!"

Aseel yuko hapa kando yangu, anapuliza makaa, anajichekea peke yake. Yamekolea, mekundu. Udi ninao kiganjani.

"Shangazi," ananiuliza, "mbona hutii udi?"