Maziwa ya Shangazi

Atabo,

Nimeenda Kakuma kuulizia kazi yangu ya kufundisha. Usinipigie simu kila saa. Barakoa nimevaa, shati la mikono mirefu nimevaa, na kofia niliyochukua ni ile yako pana.

Maji ya kunywa nimeshachemsha, yako kwenye jagi. ~~Usinipikie.~~ Nipikie, lakini usitie pilipili, mdomo bado una vidonda.

Asubuhi ulinikosea. Shangazi ametoka Kaikor na kibuyu cha maziwa mapajani, akangoja ninywe kwanza ndipo aniombee. Wewe ukaninyang'anya mbele yake. Najua, daktari alikataza maziwa mabichi. Lakini mama mzima alibaki ameduwaa, hajui aangalie wapi, nami nikashindwa kukaa humo ndani.

Tangu unipe uboho wa mifupa yako, huo unaonitengenezea damu sasa, sijatulia. Ngozi inanivuta, macho makavu kama yana mchanga, na daktari anasema ni seli zako zinapigana na mwili wangu. Hata sikushangaa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hivyohivyo.

Chemsha hayo maziwa, unibakizie kikombe. Mwambie Shangazi asiondoke kabla sijarudi, nitakunywa mbele yake.

Nilipokuwa natoka, Shangazi aliniuliza mlangoni kwa nini nakuachia uniamulie. Nikamwambia damu ninayotembea nayo ni yako, sasa nitakukatazaje kuilinda.

Kaka yako