Bendera Mbili za Rangi Moja

Chaani, Changamwe
13 Machi 1944

Kwa dada yangu mpendwa Nyamvula,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mtoto Gona, ambaye nasikia amekwisha ota meno mawili. Mama akija hapo kwako umsalimie sana, umwambie kikohozi changu kimekwisha na viatu bado vyanitosha. Sisi huku hatujambo, ila si sana. Nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza. Usimpe shemeji akusomee kwa sauti.

Dada, kuna jambo sijamwambia mtu tangu nipate akili. Mimi rangi huzikisia. Ulipokuwa ukinituma kuchuma pilipili zilizoiva, nilikuwa nikizibonyeza moja moja, nawe ukinicheka ukiniita kobe. Kwangu zilikuwa zote sawa. Nilidhani kila mtu hubonyeza. Na kwetu nani angenigundua? Sisi husema rangi ya majani, rangi ya damu, rangi ya udongo. Ukikijua kitu, rangi yake umekwisha ijua, huna haja ya kuiona.

Mwezi uliopita Mwalimu Mwarandu alitufundisha habari za jicho. Alichora jicho ubaoni kama lililokatwa katikati, kisha akatuambia tulinakili na kutia rangi mishipa ya damu iliyo nyuma yake. Penseli za rangi ni sita kwa darasa zima, na karatasi zake zenye majina zimebanduka. Nikachukua moja, nikatia. Aliyeketi nyuma yangu alichungulia, akapaza sauti kwamba jicho la Randu limeota nyasi. Tangu siku ile jina langu shuleni, na sasa hata mtaani, ni Machonyasi.

Mwalimu hakucheka. Baada ya masomo alinipeleka kwake, akaomba kikapu cha nyuzi za sufu za mkewe, akaniwekea mkononi uzi mmoja, akasema nitoe nyingine zote zinazofanana nao. Nikatoa. Mkewe alitazama fungu langu, akajiziba mdomo kwa mkono. Ndipo nilipojua.

Mwalimu alinieleza taratibu. Nyuma ya jicho, ndani kabisa, kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, waitwao retina. Huku mbele ni dirisha tu. Mwonaji hasa ni ule utando. Una chembe ndogo mno za namna mbili: nyingi ni za kuonea mahali penye kiza, na hizo hazijui rangi, nyingine ni za mchana, nazo zimegawana kazi ya rangi, hizi za nyekundu, hizi za kijani, hizi za buluu. Zangu kundi moja halifanyi kazi yake. Alisema kuna maradhi mabaya zaidi ya utando huo. Kuna watu ambao utando wao hubanduka kama chokaa ukutani, mtu akaona pazia likimshukia, na kuna ambao utando wao hufa kuanzia pembeni hadi mtu akawa aona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Wangu, akasema, hauzidi wala hauponi. Mimi sikuridhika. Kila asubuhi hufunga jicho moja nikasoma kalenda iliyo ukutani, kisha nikafunga la pili, nione kama pazia limeanza.

Hapa pana neno ninaloogopa kukuandikia. Mwalimu alisema jambo hili hushuka kwa upande wa mama. Mama mwenyewe huona vizuri, lakini mwanawe wa kiume huweza kulipata, kama ndugu wa mama alivyolipata. Basi huenda nawe umelibeba bila kujua, na huenda Gona analo. Usimpige akikosea.

Nawe wajua ndugu wa mama ni nani, ndiye huyu ninayekaa kwake. Mjomba Ngowa alikuwa akibeba mataruma ya kulazia reli tu, lakini mwenye bendera alipokwenda vitani, yeye ndiye aliyepewa bendera zake. Hakuna aliyempima macho. Sasa husimama pale njia za reli zinapokutana, akionyesha nyekundu garimoshi lisimame, na kijani lipite. Mkewe, mkaza mjomba Kahaso, alikuwa amefunga fundo kwenye pembe ya ile nyekundu. Nilimwona akilifunga upya kila lilipolegea. Nikafikiri ni desturi ya relini.

Jumatano wakaleta bendera mpya, na mkaza mjomba alikuwa Rabai matangani. Alhamisi mafundi wa njia walikuwa wakisukuma kigari chao relini, na garimoshi la mizigo likaja. Mjomba akainua bendera, garimoshi likapita. Mafundi wakaruka. Mmoja wao, Nzai, alichelewa, akaangukia kokoto na mguu ukateguka vibaya. Kigari kilivunjwavunjwa. Mjomba aliambiwa amezubaa, naye akasema jua lilimpiga usoni.

Jioni tukila, alikisimulia kisa hicho kwa mzaha, kwamba Nzai mnene hivyo ameruka kama panzi. Kisha akazitupa zile bendera mkekani, akanung'unika kwamba siku hizi za vita watu wa stoo hawana haya, wameleta bendera mbili za rangi moja. Nikazitazama. Dada, nilikuwa nafungua mdomo nimwambie ni kweli, ni rangi moja! Dhahabu, mtoto wao wa miaka sita, akacheka hadi akapaliwa. Akamwambia babake ana kichekesho, kwani hii si damu, na hii si majani? Mjomba aliacha kula. Akanitazama mimi, nami nikatazama sahani.

Sasa nakuungamia lililo zito kuliko yote. Siku ile ya nyuzi Mwalimu aliniambia kwamba watu wa macho kama yangu hawafai kushika bendera za reli. Akaniuliza kama ninaye mjomba. Nililikumbuka lile fundo, dada, nikafahamu palepale. Nikamjibu kwamba mjomba wangu alikwisha kufa. Nilimzika mjomba angali hai, kisha nikaenda kwake nikala chakula chake. Wiki tatu nilijua, na mguu wa Nzai nimeutegua mimi.

Jana baada ya kanisa nilimfuata mjomba nyuma ya nyumba alipokuwa akitengeneza kiti, nikamweleza habari za utando na chembe zake. Kwanza alinicheka, akauliza msomi amekuwa daktari tangu lini. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba Kahaso amerudi na fundo limefungwa, basi yamekwisha. Wakijua relini, tutarudi kwetu Kaloleni sote, na masomo yangu yataishia hapo. Nilipomuuliza itakuwaje siku fundo likifunguka, alisimama, akanikataza kusema kwa haki ya ujomba wake. Wajua neno hilo kwetu lina uzito gani.

Leo asubuhi nilimkuta Nzai njiani anajikongoja kwa fimbo. Alinitania, akasema, haya Machonyasi, soma upesi uje uwe bwana steshenimasta, utupunguzie kuruka.

Nilifika shuleni nikamwambia Mwalimu kwamba ninaye mjomba, yu hai, jina lake Ngowa, na ndiye mwenye bendera. Akasema ataenda stesheni yeye. Nikamwomba twende wote. Nilibisha hodi mimi mwenyewe. Nilisema kwamba mjomba wangu na mimi hatuoni rangi, kwamba si uzembe wala si ulevi, na nikaomba apewe kazi nyingine badala ya kufukuzwa. Karani aliandika, hakuahidi kitu. Nilipotoka nilifuata njia ya reli hadi mahali anaposimama mjomba, nikamwambia nimesema. Akanipa mgongo. Nikaketi juu ya kokoto karibu naye, nikakaa naye hapo mpaka mtu wa stesheni alipokuja kumwita.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na Gona umbusu kwa ajili yangu. Mama umweleze kwa upole, maana ni nduguye.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Randu