Macho ya Mujuni

Rwamishenye, Bukoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepoa. Huko Muleba mvua zinanyesha? Sikupiga simu kwa sababu unapenda kuiweka kwenye spika, na jirani yako Renatha ana masikio marefu. Hii isome peke yako.

Mama, mjukuu wako ana macho ya buluu. Buluu kabisa! Mama mkwe alipomwona alinirudishia mtoto kama chungu cha moto, akasema ukoo wao haujawahi kuzaa mzungu, niseme nilikomtoa. Baba mkwe akatangaza kwamba hatampa jina wala kutoa akamwani, zile kahawa za kutafuna. Unajua kwao Kaagya maana yake ni kwamba mtoto si wao. Alifika umri wa kukaza shingo bado hana jina. Na mume wangu Mwesiga akatoka nje, akaniacha nao. Loo, kule kutoka kuliniuma kuliko tusi!

Nikamburuta Mwesiga kwa daktari wa macho hapa mjini. Daktari alisema jicho la mtu halina rangi ya buluu ndani yake. Lile duara linalozunguka mboni lina nyuzi nyembamba mbele na utando mweusi nyuma. Sisi nyuzi zetu zimejaa rangi ya kahawia, ile ile iliyo kwenye ngozi. Za mtoto hazina, basi mwanga ukiingia unatawanyika, na unaorudi nje ni wa buluu. Alisema moshi wa jikoni nao huonekana wa buluu ukipita mbele ya migomba yenye giza, na hakuna aliyeupaka rangi. Kisha akamuuliza Mwesiga kama kwao kuna mtu aliyezaliwa na shungi la nywele nyeupe kwenye paji, maana shungi hilo na macho hayo hurithiwa katika ukoo mmoja. Mwesiga akakataa katakata.

Jumapili tulikwenda Kaagya, Mwesiga akayarudia hayo mbele ya wazee. Mama mkwe akacheka kwa dharau. Lakini baba mkwe, ambaye sijawahi kumwona na unywele hata mmoja kichwani, aliinama. Akasema alizaliwa na shungi jeupe, watoto wenzake wakamwita mlaaniwa, akaanza kujinyoa kabla hajaoa. Hata mkewe hakujua. Alilia, Mama. Akampakata mtoto, akamwita Mujuni, akaagiza akamwani. Mama mkwe aliniomba radhi, ila sikufichi, kinyongo bado ninacho.

Sasa lile ambalo huku analijua Mwesiga peke yake. Daktari alisema chembe zinazotengeneza ile rangi ya kahawia zinahitajika pia ndani ya sikio, na zikikosekana huenda mtoto asisikie. Nikajiambia hilo si letu. Lakini siku ile ya jina vigelegele vilipigwa, sinia la kahawa likaanguka kwenye saruji, wote tukaruka. Mujuni akaendelea kulala. Na mimi siku zote nilikuwa namshukuru Mungu kwa kunipa mtoto mtulivu!

Jana nilisimama nyuma yake nikamwita jina lake kwa sauti yangu yote. Hakugeuka. Nilipozunguka mbele, yale macho yakanishika, akacheka.

Wiki ijayo tunampeleka kupimwa masikio. Naogopa, Mama. Njoo. Nisalimie kaka Avit na wote wa nyumbani, ila usiwaambie kitu. Ukifika usianze kumwita, kaa kwanza mbele yake auone uso wako.

Ni mimi binti yako,
Kokushubila