Meno ya Bunju

Kwako mama watoto,

Huku hatujambo, ila mimi nimenenepa na bomba la jikoni bado linavuja. Nililitengeneza mwenyewe, ndiyo maana.

Yule samaki wako mdogo, bunju, uliyeniachia kwenye tangi la sebuleni hajala tangu juzi. Ulisema nimpe konokono na maganda yao. Mimi nikamwonea huruma, nikawa nayavunja na kumpa nyama tupu. Kumbe maganda ndiyo yanayompunguza meno! Sasa yameota mpaka mdomo haufunguki. Muuza samaki alinicheka: "Mzee, umemdekeza huyo! Asipokatwa meno atakufa njaa. Tafuta daktari wa meno."

Mji mzima namjua mmoja tu, na wewe unaishi kwake.

Nilikuwa nimeapa hatakanyaga hapa. Lakini samaki ana kosa gani? Mwambie aje kesho na vifaa vyake vidogo. Mlango nitamfungulia, hata chai nitampa. Ila samaki nitamshika mimi. Mikono ya huyo bwana imeshagusa vya kwangu vya kutosha.

Ni mimi,
baba watoto, cheo pekee ulichonibakizia.